Kinga ya mwili inapoligeukia jicho: Somo la panya wa maabara kwa Sumbawanga

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MTU aliyelala akiona vizuri, akaamka jicho moja limetanda ukungu na siku mbili baadaye hatambui tena rangi ya kanga yake, hafikirii kwanza maabara za Ulaya wala Marekani. Humfikiria jirani aliyegombana naye, ndugu mwenye kijicho, au mpaka wa shamba ambao mgogoro wake haukwishi.

Fikra ya namna hiyo hupata nafasi kwa urahisi, kwa kuwa jicho lenyewe halitoi maelezo. Halina kidonda, halina usaha, halijapigwa, na anayelitazama kwa nje haoni kasoro yoyote. Ugonjwa usioonekana hutafutiwa adui asiyeonekana.

Adui huyo yupo. Hata hivyo, kwa baadhi ya wagonjwa hatoki kwa jirani wala kwa ndugu. Anatoka katika damu ya mgonjwa mwenyewe: ni askari wa mwili walioacha kazi ya ulinzi na kuushambulia mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo, yaani neva ya jicho.

Majaribio yaliyofanywa kwa panya, hasa kati ya mwaka 2003 na 2014, yameonyesha hatua kwa hatua jinsi shambulio hilo linavyotokea, na yamefungua njia ya dawa ambazo hazikuwapo kabla. Swali linalobaki kwa mkazi wa Kata ya Malangali katika Manispaa ya Sumbawanga ni moja: elimu hiyo itamfikia kabla neva haijafa, au baada?

Askari na mwenye nyumba

Mwili wa binadamu hujilinda kwa namna nyingi. Mojawapo ni kutengeneza antibodi, chembe za protini zinazoelea katika damu zikitafuta wavamizi kama vile bakteria na virusi. Kila antibodi hutengenezwa kulenga alama fulani, kama ufunguo unaoingia katika kufuli moja tu.

Antibodi inapomkuta mvamizi humnasa na kuita msaada. Miongoni mwa wanaoitikia ni kundi la protini za damu liitwalo komplementi, ambalo hutoboa ukuta wa seli iliyonaswa mpaka ikafa. Mpango huu huokoa maisha kila siku, mradi antibodi hazijakosea alama.

Zikikosea, zikaichukua sehemu ya mwili kuwa ndiyo mvamizi, silaha zile zile humgeukia mwenye nyumba. Hali hiyo ndiyo chanzo cha magonjwa mengi yanayofahamika kuwa ni ya mwili kujishambulia.

Neva ya jicho huumia sana katika hali hiyo. Ina nyuzi zipatazo milioni moja zinazobeba picha kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Uzi uliovimba unaweza kupona, lakini uliokatika hauoti tena. Ndiyo maana muda una thamani kubwa katika ugonjwa huu.

Kutoka Lyon hadi Minnesota

Mwaka 1894 daktari wa Ufaransa, Eugène Devic, na mwanafunzi wake, Fernand Gault, walieleza kutoka mji wa Lyon juu ya wagonjwa waliopoteza uwezo wa kuona na wakati huo huo kupooza kwa sababu ya uvimbe katika neva za uti wa mgongo. Ugonjwa huo ukaitwa kwa jina la Devic, na kitaalamu nyuromayelitisi optika.

Kwa zaidi ya miaka 100 madaktari wengi waliuchukulia kuwa ni tawi la ugonjwa mwingine wa neva, skilerosisi ya sehemu nyingi, unaowapata zaidi watu wa nchi za baridi. Matokeo yake wagonjwa walipewa matibabu ya ugonjwa usio wao.

Mwaka 2004 timu iliyoongozwa na Vanda Lennon wa Mayo Clinic, Marekani, ilitangaza kuwa imepata katika damu ya wagonjwa wa Devic antibodi ambayo haimo kwa wale wa ugonjwa mwingine. Mwaka uliofuata, 2005, timu hiyo ilitaja alama inayolengwa na antibodi hiyo. Ni akwaporini-4, protini inayofanya kazi ya mlango wa maji katika seli za ubongo.

Milango hiyo ya maji ilikuwa imekwisha kumpatia mtafiti wa Marekani, Peter Agre, Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2003, aliyoipokea pamoja na Roderick MacKinnon. Akwaporini-4 hupatikana kwa wingi katika astrosaiti, seli zenye umbo la nyota zinazozilisha na kuzitunza neva. Neva ya jicho na uti wa mgongo zina milango hiyo kwa wingi, na huko ndiko ugonjwa unakopiga.

Moshi au moto?

Pamoja na ugunduzi huo, bado wanasayansi hawakuwa na haki ya kusema kuwa antibodi ndiyo mharibifu. Pengine ilikuwa moshi tu wa moto uliowashwa na kitu kingine. Mtu anayekutwa mahali palipovunjwa nyumba si lazima awe mwizi. Huenda ni mpita njia.

Ili kumtia hatiani mtuhumiwa ilibidi achukuliwe peke yake, awekwe katika nyumba yenye amani, kisha ionekane kama ataivunja. Jaribio hilo haliwezi kufanywa kwa binadamu. Ndipo panya walipoingia.

Mwaka 2009 vikundi vitatu vya watafiti, katika Austria, Marekani na Japani, vilitumia antibodi zilizotokana na wagonjwa na kuwadunga panya ambao tayari walikuwa wamesababishiwa uvimbe mdogo katika ubongo. Panya waliopewa antibodi za wagonjwa walipata majeraha yaliyofanana na yale yanayoonekana kwa binadamu: milango ya maji ilitoweka, astrosaiti zilikufa, na mabaki ya komplementi yalikutwa mahali pa tukio.

Mwaka 2010 watafiti wa London na San Francisco walikwenda mbele zaidi. Waliwadunga panya wadogo antibodi za wagonjwa moja kwa moja ndani ya ubongo, wakizichanganya na komplementi ya binadamu. Majeraha yakatokea. Walipodunga antibodi bila komplementi, au komplementi bila antibodi, majeraha hayo hayakutokea.

Kisha wakafanya jambo lililomaliza ubishi. Waliwachukua panya waliozaliwa bila akwaporini-4 na kuwapa mchanganyiko ule ule. Hawakudhurika. Antibodi haikuwa na kufuli la kuingia, na nyumba ilibaki salama.

Mwaka 2014 ilifika zamu ya jicho. Watafiti wa San Francisco walitiririsha antibodi hizo kwa siku tatu karibu na mahali ambapo neva za macho mawili hukutana chini ya ubongo wa panya. Neva zilivimba na kupoteza ala ya mafuta inayozifunika, ambayo huufanya ujumbe wa jicho usafiri kwa kasi. Panya wasio na akwaporini-4, kwa mara nyingine, walinusurika.

Kwa lugha ya mahakamani, ushahidi ulikamilika. Antibodi haikuwa mpita njia.

Ukuta unaozuia

Majaribio hayo yalijibu pia swali jingine ambalo wagonjwa huuliza: kwa nini mtu akae na antibodi hizo mwilini kwa muda mrefu bila dalili, halafu siku moja aamke haoni?

Kati ya damu na ubongo kuna ukuta wa seli zilizoshikamana unaozuia vitu vingi kupenya. Antibodi zikiwa upande wa damu, nyingi hubaki huko. Ndiyo sababu watafiti wa mwaka 2009 walilazimika kuanza kwa kuwasababishia panya uvimbe, na wale wa mwaka 2010 walilazimika kudunga ndani ya ubongo wenyewe. Panya aliyepewa antibodi kwa njia ya damu tu, huku ukuta ukiwa mzima, hakuugua.

Hivyo ugonjwa unahitaji mambo mawili: antibodi yenye makosa, na tukio linalolegeza ukuta. Kupatikana kwa antibodi pekee si hukumu ya upofu. Ni onyo.

Antibodi ya pili

Akwaporini-4 si alama pekee inayokosewa. Ipo protini nyingine, MOG, iliyoko juu ya ala ya mafuta ya neva. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walitengeneza panya ambao seli zao za kinga, zile zinazoitwa seli T, zililenga MOG tangu kuzaliwa. Zaidi ya asilimia 30 ya panya hao walipata uvimbe wa neva ya jicho bila kudungwa chochote, na bila dalili nyingine za ugonjwa wa ubongo.

Jaribio hilo lilionyesha kuwa neva ya jicho inaweza kuwa ya kwanza kuangushwa hata pale ambapo alama inayolengwa imesambaa katika ubongo wote. Kwa binadamu, ugonjwa wa antibodi za MOG huwapata watoto na watu wazima, na mwaka 2023 jopo la wataalamu wa kimataifa lilichapisha vigezo vya kuutambua kama ugonjwa unaojitegemea.

Panya si binadamu

Hata hivyo, ni kosa kuyachukua matokeo ya maabara kana kwamba ni ya wodini. Komplementi ya panya wadogo ni dhaifu, ndiyo maana ilibidi waongezewe ya binadamu. Antibodi zilizodungwa hukaa siku chache, ilhali za mgonjwa hutengenezwa mwaka hadi mwaka. Zaidi ya hayo, panya hawezi kusema kama rangi nyekundu imempaukia.

Kipimo cha kweli cha thamani ya majaribio hayo kilikuwa ni kuona kama yataleta tiba. Ikiwa komplementi ndiyo silaha, mgonjwa aliyezuiwa komplementi yake asingepaswa kushambuliwa tena.

Jibu lilipatikana mwaka 2019. Dawa ya ekulizumabu, inayofunga hatua ya mwisho ya komplementi, ilijaribiwa kwa wagonjwa 143 wenye antibodi za akwaporini-4. Ugonjwa uliwarudia asilimia 3 ya waliopewa dawa, ukilinganisha na asilimia 43 ya waliopewa dawa bandia. Mwaka huo huo Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa ugonjwa huo, na mwaka 2020 ikaidhinisha nyingine mbili, inebilizumabu na satralizumabu.

Kwa ugonjwa ambao miaka 15 nyuma haukuwa hata na kipimo, hayo ni maendeleo ya haraka.

Unawahusu Waafrika

Wapo watakaodhani kuwa habari hii ni ya wazungu. Takwimu zilizopo zinaonyesha kinyume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha kisiwa cha Martinique katika Karibi, ambacho wakazi wake wengi wana asili ya Afrika, na wilaya ya Olmsted, Minnesota, yenye weupe wengi. Martinique ilikuwa na wagonjwa 10 kwa kila watu 100,000. Olmsted ilikuwa na karibu 4.

Aidha, kati ya wagonjwa wenye antibodi za akwaporini-4, idadi kubwa mno ni wanawake, takribani tisa kwa kila kumi. Wengi huugua wakiwa katika umri wa kufanya kazi na kulea.

Kwa maana hiyo, ugonjwa huu ni adimu, lakini si wa mbali. Unamlenga mama mwenye shamba la mahindi na ulezi, mwenye watoto shuleni, ambaye akipofuka nyumba nzima huyumba.

Funzo la usubi

Tanzania si ngeni katika mjadala wa kinga inayokosea alama. Ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na nzi wadogo wa mito yenye maji yanayokwenda kasi, umekuwa tatizo katika maeneo kadhaa ya nchi, yakiwamo Mahenge mkoani Morogoro na Tukuyu mkoani Mbeya, katika ukanda ule ule wa Nyanda za Juu Kusini.

Kwa muda mrefu ilifahamika kuwa minyoo wa usubi huharibu sehemu ya mbele ya jicho. Lakini wapo wagonjwa ambao huharibikiwa sehemu ya nyuma, yaani retina na neva, na uharibifu huweza kuendelea hata minyoo wakipungua.

Katika miaka ya 1990 watafiti waligundua kuwa protini moja ya mnyoo huyo, iliyopewa jina la Ov39, inafanana kwa sehemu na protini ya jicho la binadamu iitwayo hr44. Panya waliochanjwa kwa protini hizo walipata uvimbe wa macho ingawa hawakuwa na mnyoo hata mmoja.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba kinga iliyoandaliwa kumpiga mnyoo inaweza kuishia kulipiga jicho kwa sababu ya mfanano huo. Kwa usubi haya bado ni sehemu tu ya picha, kwani uvimbe unaosababishwa na minyoo wenyewe wanapokufa nao una nafasi kubwa.

Si kila giza ni la antibodi

Pamoja na hayo yote, itakuwa hatari kuhitimisha kuwa kila anayepoteza nuru bila kidonda ameshambuliwa na kinga yake. Historia ya Tanzania yenyewe inatoa onyo.

Tangu mwaka 1988 madaktari wa Dar es Salaam waliona vijana wengi wakipoteza uwezo wa kuona kwa macho yote mawili kutokana na kuharibika kwa neva. Baadhi yao walikuwa pia na ganzi ya miguu. Taarifa za mlipuko huo zilichapishwa katika majarida ya kimataifa mwaka 1997 na 1998, zikiwamo za watoto wa shule za msingi.

Chanzo hakikuelekezwa kwenye antibodi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha tatizo hilo na upungufu wa foleti, vitamini inayopatikana katika mboga za majani na maharage, pamoja na moshi wa kupikia ndani ya nyumba. Nchini Cuba, mlipuko unaofanana na huo uliwapata zaidi ya watu 50,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa uhaba wa chakula, na ukapungua baada ya wananchi kugawiwa vitamini.

Ipo pia dawa ya kifua kikuu, ethambutoli, ambayo kwa baadhi ya watumiaji hudhuru neva ya jicho, na hapo tiba ya kwanza ni kuisimamisha kwa amri ya daktari. Kaswende, kifua kikuu chenyewe na maambukizi yanayoandamana na virusi vya Ukimwi navyo huweza kufika kwenye neva hiyo.

Tofauti hizi si za kitabuni. Anayehitaji vitamini hataponywa na dawa za kupunguza kinga, na mwenye kifua kikuu kilichojificha anaweza kuzidiwa akipewa dawa hizo bila uangalizi.

Vidonge vichache vinaweza kudhuru

Shambulio la antibodi linapotokea, tiba ya kwanza ni dawa za jamii ya steroidi kwa dozi kubwa, kwa kawaida gramu moja ya methiliprednisoloni kwa siku kupitia mshipa wa damu, kwa siku tatu hadi tano. Isiposaidia, damu huchujwa kwa mashine ili kuondoa antibodi. Tafiti za wagonjwa zimeonyesha kuwa wanaotibiwa katika siku za mwanzo hubaki na nuru nzuri zaidi kuliko wanaochelewa.

Dozi ndiyo yenye uzito. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1992 kuhusu uvimbe wa neva ya jicho ulibaini kuwa wagonjwa waliopewa vidonge vya prednisoni kwa dozi ya kawaida peke yake walirudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko wengine. Vidonge vichache vya duka la dawa, vinavyonunuliwa bila cheti, vinaweza kumpa mgonjwa matumaini huku vikimwongezea hatari.

Kwa upande mwingine, watafiti wa Canada walionyesha mwaka 2018 kuwa steroidi za kumeza, zikitolewa kwa wingi unaolingana na ule wa mshipa, hazikuwa duni katika kurejesha nuru ya wagonjwa wa uvimbe huo. Utafiti huo ulihusu watu 55 tu, na haukuwalenga wagonjwa wa Devic. Bado ni habari yenye maana kwa mahali ambapo kitanda na mpira wa dripu havipatikani kwa urahisi.

Bei ya kuona

Baada ya shambulio kupita, kazi ngumu ni kuzuia la pili. Hapa ndipo pengo kati ya maabara na kijiji linapoonekana.

Ekulizumabu imekuwa ikiuzwa Marekani kwa zaidi ya Dola 400,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Hakuna bajeti ya hospitali ya mkoa inayoweza kubeba mzigo huo. Kama mafanikio ya panya wale yangeishia kwenye dawa hiyo, basi kwa Ufipa yangekuwa hadithi ya kusimuliwa tu.

Lakini zipo njia za gharama ndogo. Azathioprini na prednisoloni ni dawa za zamani na za bei nafuu, na hutumika kupunguza mashambulio. Rituksimabu, inayoua seli zinazotengeneza antibodi, ilijaribiwa Japani kwa wagonjwa 38. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa kati ya 19 waliopewa dawa hakuna aliyerudiwa, ilhali kati ya 19 wa dawa bandia walirudiwa saba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliongeza matumizi ya rituksimabu kwa skilerosisi ya sehemu nyingi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kumtambua mgonjwa kwa usahihi nako ni akiba. Baadhi ya dawa za skilerosisi ya sehemu nyingi, ikiwamo intaferoni beta, zinaweza kuuzidisha ugonjwa wa Devic. Fedha hutumika, na jicho hupotea.

Safari kutoka Malangali

Hospitali ya rufaa ya kanda inayohudumia mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ukiwamo Rukwa, ipo Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kupitia Tunduma. Muhimbili ipo mbali zaidi, Dar es Salaam. Kwa mgonjwa anayehesabiwa siku, nauli, msindikizaji na mahali pa kulala ni sehemu ya ugonjwa.

Chukua mfano wa mama wa miaka 30 anayeanza kuona ukungu siku ya Jumatatu. Akienda kwanza kwa mganga wa jadi, wiki inapita. Akienda duka la dawa, anapewa matone ya macho, na wiki ya pili inapita. Anapofika kwa mtaalamu, uvimbe umeshakwisha wenyewe, na nyuzi zilizokatika zimeshakatika.

Mnyororo huo unaweza kukatwa mapema, tena bila mashine. Kipimo kimoja kinahitaji tochi tu. Mhudumu humulika jicho moja, kisha huhamishia mwanga jicho la pili. Mboni ya jicho zima hubana inapomulikwa. Mwanga ukihamia kwenye jicho ambalo neva yake imeumia, mboni hutanuka badala ya kubana. Kasoro yake ni kwamba macho yote mawili yakiwa yameumia kwa kiwango kimoja, tofauti haitaonekana.

Kipimo cha pili ni kitu chekundu, hata kama ni kitambaa. Mgonjwa hufumba jicho moja na kulinganisha. Akisema wekundu umepauka upande mmoja, neva inatiliwa shaka.

Maumivu wakati wa kuzungusha jicho, miguu kuishiwa nguvu, ganzi inayopanda kutoka chini, na kwikwi au kutapika kusikokoma kwa siku nyingi bila sababu ya tumbo, vyote ni alama za hatari. Kwikwi hiyo, ambayo wengi huichekea, hutokea pale antibodi zinaposhambulia sehemu ya shina la ubongo yenye akwaporini-4 kwa wingi.

Kipimo cha antibodi chenyewe ni kazi ya maabara za rufaa. Lakini sampuli ya damu husafiri kwa urahisi kuliko mgonjwa asiyeona. Utaratibu wa kusafirisha sampuli kutoka wilayani umekwisha kuzoeleka katika huduma za Ukimwi na kifua kikuu. Hakuna sababu ya msingi ya kuuzuia usibebe na hii.

Kinachotakiwa

Mambo matatu yanajitokeza. La kwanza ni mafunzo: mhudumu wa zahanati anapaswa kujua kuwa kupungua kwa nuru ndani ya siku chache, katika jicho jeupe lisilo na kidonda, ni dharura ya rufaa na si la kupewa matone. La pili ni dawa: steroidi za dozi kubwa zipatikane katika hospitali ya mkoa, pamoja na daktari mwenye uwezo wa kushauriana kwa simu na mtaalamu wa macho au wa neva kabla ya kuzianza.

La tatu ni kumbukumbu. Mlipuko wa Dar es Salaam ulijulikana kwa sababu madaktari walihesabu na kuandika. Mgonjwa wa Ufipa asiyeandikwa hatahesabiwa katika mpango wowote wa dawa, na panya wa San Francisco watakuwa wametoa ushahidi katika kesi isiyomhusu.

Kwa upande wa jamii, hakuna anayelazimishwa kuacha imani yake kwa siku moja. Kinachoombwa ni mpangilio wa hatua: hospitali kwanza, ndani ya siku hizo chache, kwa sababu neva ya jicho haisubiri kesi ya uchawi isikilizwe.

Wenyeji wa Ufipa husema kuwa jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", agizo ambalo mgeni aliambiwa alitii kabla ya kuingia mjini. Kwa anayeamka jicho limetanda ukungu, kulitii agizo hilo asubuhi hiyo hiyo kunaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuona na kutoona.